Picha imeharibikia wapi? Utatuzi wa matatizo kwa mpiga picha wa wikendi

Malalamiko mengi yanayoletwa kwa jina la "sijui kuediti" hayahusu uhariri hata kidogo. Picha ilishaharibika asubuhi pale Feri, kwenye soko la samaki, au Kariakoo chini ya turubai, na usiku mtu anakaa mbele ya kompyuta akivuta vitelezi huku na huko, akitafuta kitu ambacho hakimo ndani ya faili. Kinyume chake pia kipo: picha imetoka salama kwenye kamera, uhariri ukaimaliza. Mwongozo huu unajaribu kutenganisha mambo hayo mawili. Umeandikwa kwa anayetembea na kamera siku za mapumziko Dar es Salaam na jirani zake, Kigamboni, Bagamoyo, Zanzibar, akiwa na kamera yake ya kwanza na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18-55, au na simu yenye kamera ya maana.

Kabla ya kugusa kitelezi, soma faili

Kila picha hubeba kumbukumbu ndani yake: kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga, 1/250 ikiwa ni sehemu ya sekunde), ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga (f/, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO (kiasi ambacho kamera hukuza mwanga ilioupata), urefu wa lenzi kwa milimita na saa iliyopigwa. Kwenye programu ya uhariri ya Lightroom Classic bonyeza herufi I, mara moja au mbili, na taarifa hizo zitajitokeza juu ya picha. Kwenye darktable, programu nyingine ya uhariri, zimo kwenye paneli ya pembeni. Kwenye simu nyingi ukifungua picha na kuitelezesha juu utaziona. Ni kazi ya sekunde chache na inamaliza ubishi mwingi.

Halafu ikuze hadi asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha ikalie pikseli moja ya skrini. Picha iliyopunguzwa ili ienee kwenye skrini huficha maovu yake yote. Mwisho tazama histogramu, ile grafu yenye weusi kushoto na weupe kulia. Ikiwa imebanwa kwenye ukuta wa kulia, kuna sehemu zimeungua na ndani yake hamna taarifa yoyote. Hapo ukishusha mwanga utapata kijivu tu, mawingu hayatarudi.

"Picha zangu haziko kali"

Hili ndilo lalamiko kuu, na wengi hulitibu kwa dawa moja, kitelezi cha kuongeza ukali, ilhali lina visababishi vinne visivyofanana. Kitelezi hicho kazi yake ni kuzidisha tofauti ya mwanga kwenye kingo zilizopo. Pasipo na kingo hakina cha kushika, kwa hiyo kinashika chenga, yaani vijidoa vidogo kama mchanga vinavyotapakaa kwenye picha.

Ikuze picha ujiulize: je, kila kitu, watu, meza na ukuta wa nyuma, vimevutika kuelekea upande mmoja? Huo ni mkono wako. Kanuni ya wazee wa kazi hii ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja ikigawanywa kwa urefu wa lenzi. Kwa kamera za sensa ndogo iitwayo APS-C, ambazo ndizo wengi wetu tunaanza nazo, zidisha kwanza kwa 1.5, au 1.6 kama ni Canon. Lenzi ikiwa kwenye 55 unahitaji takriban 1/90. Ukiwa juu ya kivuko cha Kigamboni kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu injini inatetemesha sitaha nzima. Wala usiegemeze viwiko kwenye vyuma vya pembeni kwa kudhani unajituliza, maana mtetemo unapanda moja kwa moja hadi kwenye kamera. Simama wima, kunja magoti kidogo, panda hadi 1/250.

Kama vilivyotulia ni vikali na kinachotembea ndicho kimefutika, mkono wako hauna lawama. Shata ilikuwa ya polepole mno kwa mwendo ule. Mtu anayetembea hutaka kama 1/250, bodaboda inayopita 1/500 na kuendelea, watoto wanaocheza mpira ufukweni 1/1000 ukiweza. Kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mkono wako. Hakimtulizi mbeba samaki anayekimbia na tenga kichwani. Watu wananunua lenzi nyingine kwa kutolijua hili.

Kama kuna kitu kikali ndani ya fremu lakini sicho ulichokikusudia, hiyo ni fokasi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe hupenda kilicho karibu, na sokoni kilicho karibu ni ndoo, tenga au bega la mpita njia. Chagua nukta moja ya fokasi uiweke jichoni, au washa utambuzi wa macho kama kamera yako inao. Na aliyejinunulia lenzi ya 50 yenye tundu la f/1.8 ajue kwamba akimpiga mtu aliye mita moja na nusu mbele yake, kina cha sehemu iliyo kali ni kama sentimita sita tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshapotea, na mhusika akiinama kidogo jicho nalo linafuata. Tumia f/4 mpaka mkono uzoee.

Kisababishi cha nne ndicho cha kwetu sisi watu wa pwani. Hakuna kilicho kikali, picha nzima ina utando kama wa maziwa, na taa zina duara la mwanga kuzizunguka. Umetoka kwenye chumba cha kiyoyozi ukaingia kwenye joto lenye unyevu, kioo kikatoa jasho. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto taratibu ndipo uitoe, na usithubutu kubadilisha lenzi wakati huo, maana unyevu utaingia hadi kwenye sensa. Kama hukuwa kwenye kiyoyozi basi ni chumvi. Saa moja ya upepo wa bahari inatosha kuacha utando mwembamba kwenye lenzi. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha futa kwa kitambaa cha lenzi chenye dawa yake. Pindo la fulana lina mchanga, na mchanga unakwaruza kioo.

Faili moja, hatua kwa hatua

Chukua mfano wa picha ya namna inayopigwa Feri kila Jumamosi: mkaanga samaki nyuma ya karai, turubai la bluu juu yake, moshi, na nyuma yake uwanja wenye jua. Kumbukumbu zinasema 1/40, f/5.6, ISO 400, lenzi kwenye 55, saa mbili na robo asubuhi. Ukiikuza, ukingo wa karai ni mkali na hata vipovu vya mafuta vinahesabika. Mkono ulioshika kijiko umefutika wote, na uso una kingo mbilimbili.

Karai kuwa kali kunatuambia fokasi na mkono wa mpigaji vilikuwa sawa. Tatizo ni 1/40. Na kwa nini kamera ilichagua 1/40? Kwa sababu tundu lilikuwa limeshafunguka kadiri lenzi hiyo inavyoweza ikiwa kwenye 55, na ISO ilikuwa imefungwa kwenye 400 na mtu aliyeambiwa kwamba ISO kubwa inaharibu picha. Toka 1/40 hadi 1/320 ni hatua tatu: 80, 160, 320. ISO nayo ingepanda hatua tatu: 800, 1600, 3200. Picha ya ISO 3200 ina chenga, ni kweli, lakini chenga zinatibika. Tangu Aprili 2023 Lightroom ina kisafisha chenga kinachotumia akili mnemba, ambacho kilianza kwa faili za RAW (faili ghafi za kamera, kabla ya kubanwa kuwa JPEG), na darktable ina chake kisicholipiwa. Mkono uliofutika hauna dawa. Kwa hiyo ukienda Feri, iweke ISO ijipange yenyewe, ukomo 3200 au 6400, na uipe kamera kiwango cha chini cha shata cha 1/250. Mipangilio hiyo miwili imo kwenye menyu za kamera nyingi na watu hawaifungui.

Sasa rangi. Uso wa mkaanga samaki umepoteza joto lake, umekuwa wa kijivu chenye ubluu, kwa sababu mwanga unaomfikia umechujwa na turubai. Ukisogeza mizani ya rangi kuelekea njano hadi ngozi ikae sawa, uwanja wenye jua kule nyuma unageuka chungwa. Mianga miwili yenye rangi mbili haitibiki kwa kitelezi kimoja. Chukua kidondoshi cha mizani ya rangi, bonyeza kitu cheupe kilicho chini ya turubai lilelile, ndoo au sahani, uone namba zinakwenda wapi. Kisha rudisha mizani ya picha nzima ilivyokuwa, tengeneza maski (eneo ulilolichagua lihaririwe peke yake) ya mtu na meza yake tu, na usogeze rangi ndani ya maski hadi karibu na zile namba. Usifike mwisho. Mtazamaji anaona turubai la bluu juu, kwa hiyo anategemea ubluu kidogo usoni. Ukiuondoa wote, mtu anaonekana amekatwa kwenye picha nyingine akabandikwa.

Au mngojee asogee hatua mbili hadi ukingo wa turubai, ambako mwanga wa nje unamfikia. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu haihitaji kompyuta.

"Uso umekuwa mweusi, anga limeungua"

Kamera haijui inachotazama. Imetengenezwa kuuvuta mwanga wa fremu nzima kuelekea kijivu cha kati, kile kinachoitwa kijivu cha asilimia 18. Ukielewa hilo, visa vingi vinajieleza vyenyewe. Swala ya Idi viwanja vya Mnazi Mmoja, kanzu nyeupe fremu nzima: kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, kanzu zinatoka za kijivu na nyuso zinazama. Ongeza fidia ya mwanga, +1 kwa kuanzia, huku ukiangalia histogramu isigonge ukuta wa kulia ukapoteza darizi za kanzu. Mtu mweusi tii akijaza fremu, mambo yanageuka: kamera inaona giza, inaongeza, ngozi inapauka na kipaji cha uso kinang'aa hadi kuungua. Hapo shusha, −2/3 au −1. Mtu akiwa na anga nyuma yake, pima mwanga usoni kwa kipimo cha nukta na ukubali anga liende zake, au mzungushe.

Tusijilaumu sisi tu. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu zilichukuliwa kama kitu cha pembeni. Kampuni za simu zimeanza kulishughulikia waziwazi juzi tu. Google walilileta suala hilo mbele kwenye Pixel 6 mwaka 2021. Mpaka leo vichujio vingi vya "urembo" kwenye simu kazi yake ya kwanza ni kupausha. Kimoja ukikiona kinafanya hivyo, kifute.

Kwenye uhariri, uso uliozama usiuinue kwa kuongeza mwanga wa picha nzima. Inua vivuli kidogo, shusha sehemu angavu, kisha tengeneza maski ya uso. Kwenye paneli ya rangi, ngozi zetu hukaa zaidi kwenye chungwa na nyekundu, kwa hiyo kuinua mwangaza wa chungwa kunaufungua uso vizuri sana. Ila matofali, milango ya mbao na udongo mwekundu vinakaa hapohapo na vitang'aa pamoja naye. Maski tena.

Sababu nyingine ya uso mweusi ni saa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi, kisha tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita na ushei hupita juu ya utosi. Miezi mingine nayo haikai mbali sana. Macho yanakuwa mashimo meusi na pua inadondosha kivuli mdomoni. Hakuna kitelezi cha hilo. Mkalishe mtu barazani au mlangoni, atazame nje, ukuta mweupe wa ng'ambo utamrudishia mwanga. Mji Mkongwe umejaa sehemu hizo mchana kutwa, ndiyo maana picha za mchochoroni kule hutoka vizuri hata saa saba.

"Nilifika, lakini hakukuwa na cha kupiga"

Tatizo la ramani na kalenda, wala si la kamera. Coco Beach inatazama mashariki. Anayekwenda pale jioni kupiga jua likizama baharini atalikuta linazama nyuma yake, juu ya nyumba. Pale nenda alfajiri. Jioni hamia upande wa pili wa rasi ya Msasani, unaotazama magharibi, au vuka Unguja ukakae Forodhani. Na mwanga laini hapa kwetu haungoji. Jua linapanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo miongozo ya Ulaya inayosifu mwanga wa dhahabu unaodumu muda mrefu haikuandikiwa wewe. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na saa kumi na mbili na nusu na ushei kutegemea mwezi, na baada ya nusu saa utamu umepungua. Uwe umeshasimama mahali pako kukiwa bado na giza.

Kwa ngalawa na mashua, uliza maji. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa mbali na vyombo hulala ubavu kwenye mchanga. Wengine wanaitaka picha hiyo, wengine wametoka mjini hadi Bagamoyo kupiga vyombo vikielea. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ulichokiona Jumamosi iliyopita saa mbili hakitakuwepo Jumamosi hii saa mbili. Mvuvi yeyote atakwambia bila kuangalia simu.

Kama kila uso kwenye picha zako umekunjwa, kisababishi ni kwamba umeinua kamera kabla hujasalimia. Shikamoo kwa mkubwa, habari za kazi kwa rika, nunua hata samaki wawili, kaa. Anayekataa amekataa, usimpige kwa kuvizia kutoka mbali, picha ya namna hiyo inajionyesha. Na ukiwa Feri kumbuka Ikulu iko jirani kabisa. Lenzi isielekee huko, wala kwenye maeneo ya jeshi na polisi. Mlinzi akisema zima, zima kwanza, zungumza baadaye.

"Kuna mistari ya giza picha nzima"

Umepiga chini ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za tyubu na LED za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata ya 1/500 inaona. Shuka hadi 1/100 au 1/50, au washa kinga ya kupepesa kwenye menyu. Mistari ikishaingia kwenye picha kuitoa ni mateso. Vijidoa vya kijani vinavyotokea upande wa pili wa taa, hasa usiku kwenye taa za Forodhani, huletwa na kichujio cha kioo ulichofunga mbele ya lenzi kwa ajili ya kinga. Kivue usiku.

"Madoa yaleyale angani"

Doa likiwa mahali palepale kwenye kila picha, na likaonekana zaidi kwenye f/16 kuliko f/5.6, ni vumbi juu ya sensa. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone yako mangapi. Puliza kwa kipulizio huku kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, utapeleka mate. Kwenye uhariri brashi ya kuponya inatosha, na Lightroom hukuruhusu kunakili matibabu hayo kwa picha zote za siku hiyo.

Kuvu ni kitu kingine. Imulike lenzi kwa tochi ya simu: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, imeota. Unyevu wa pwani na begi lisilofunguliwa miezi mitatu ndivyo vinavyoilea. Fundi anaweza kuisafisha ikiwa changa. Kinga ni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pakiti za silika zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, na kuitumia lenzi mara kwa mara. Wale wanaoweka mchele humo ndani wanajiletea unga.

"Nimeiediti, imekuwa kama katuni"

Angalia ukingo wa kichwa au mnara dhidi ya anga. Ukiona ukanda mweupe unaouzunguka, umevuta Clarity, kitelezi cha kukoleza kingo, au kuinua vivuli kupita kiasi. Rudisha hadi ukanda upotee, kisha punguza kidogo tena, kwa sababu jicho lako limeshauzoea. Njia ya kujipima ni kuiacha hadi kesho yake asubuhi. Usiku kila kitu kinaonekana kinahitaji rangi zaidi.

Anga likionyesha ngazi badala ya kufifia taratibu, uliza ulipiga nini. JPEG hubeba viwango 256 tu vya mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 hubeba 4,096, ya biti 14 hubeba 16,384. Ukivuta anga la JPEG kwa nguvu viwango vinaachana na ngazi zinatokea. Chenga kwenye vivuli vilivyoinuliwa zina asili nyingine: mwanga uliofika pale ulikuwa mchache. Piga RAW kwa siku unazojua mwanga utakuwa mgumu. Kama kadi ina nafasi, piga vyote viwili. Lakini mtu wa JPEG asidharauliwe: mwanga ukiwa mzuri na umepima sawasawa, hutaona tofauti kwenye karatasi.

Na kama kompyuta inakataa kufungua RAW yako, mara nyingi kamera ni mpya kuliko programu. Sasisha programu, au ibadilishe faili iwe DNG, aina ya RAW inayofunguka kwenye programu nyingi, kwa kigeuzi cha Adobe kinachotolewa bure.

"Kwangu inang'aa, kwa wengine giza"

Unahariri gizani, skrini ikiwa juu kabisa. Unaishusha picha ili isikuumize macho, halafu mwenzako anaifungua kwenye daladala mchana haoni kitu. Washa taa ya chumba, weka karatasi nyeupe kando ya skrini, na punguza mwangaza hadi vifanane. Rangi zikipauka mara tu unapoituma, angalia ulihifadhi kwa mfumo gani wa rangi: kwa simu, mitandao na studio nyingi ni sRGB, sio Adobe RGB. WhatsApp hubana picha. Tuma kama hati ndipo faili ifike ilivyo.

Kwa kuchapisha inchi 4 kwa 6, pikseli 1200 kwa 1800 zinatosha. Studio wakikata vichwa vya watu usigombane nao haraka. Picha ya simu huwa na uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ni 3 kwa 2, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya upande mfupi lazima iondoke. Kata mwenyewe kabla ya kupeleka, uchague kinachoondoka. Chapisha moja kwanza, iweke kando ya skrini, kisha ndipo uagize zilizobaki.

"Kadi imerudi tupu"

Itoe kwenye kamera sasa hivi na usipige hata picha moja zaidi. Faili zilizofutwa hubaki mahali pake hadi zifunikwe na nyingine. PhotoRec, programu isiyolipiwa, huzirudisha mara nyingi, japo hupoteza majina yake. Zihifadhi kwenye kompyuta, kamwe sio kwenye kadi ileile. Ukishamaliza, iformati ndani ya kamera yenyewe.

Kama picha za mwanzo zinafunguka na za mwisho zina nusu ya kijivu au hazifunguki kabisa, shuku kadi feki: imeandikwa GB 128, ndani ina 16. Ipime kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizo huijaza kadi yote kisha huisoma tena. Inachukua muda, kwa hiyo fanya siku unayoinunua, risiti ikiwa bado mfukoni.